Ampuli ndogo isiyofaa kukosa: dawa zinazoshikilia tansio ya mgonjwa wakati wa upasuaji

Siku mdogo wangu alipopangiwa kupasuliwa ili azae, familia tulipewa ordonansi ya vitu vya kununua. Serumu, nyuzi, ganti, antibiotiki, shindano za namba tofauti. Chini kabisa kulikuwa mstari mmoja: efedrini, ampuli 2. Franka tulizokuwa nazo zilikuwa zimehesabiwa. Nikamuuliza mwenye duka la dawa hiyo ya mwisho ni ya nini, akajibu: ni ya tansio. Nikajisemea moyoni, mdogo wangu hana tansio, yeye ni mzima. Nikaiacha.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mtu wa kulalisha wagonjwa, yule tunayemwita anestezisti, alifungua mfuko na kuhesabu vitu kimoja kimoja. Akainua macho. «Yaya, efedrini iko wapi? Bila hii simuchome shindano ya mugongo. Kimbia uilete.» Nilikimbia. Nilirudi natoka jasho, na kazi ikaanza.

Baadaye mdogo wangu alinieleza mwenyewe. Dakika chache baada ya kuchomwa mgongoni, miguu ikawa mizito, kisha akaona giza mbele ya macho na roho ikamchafuka. Aliweza kusema maneno machache tu: «Munganga, niko naenda.» Anestezisti akamsukumia dawa kidogo katika mshipa wa mkono. Haikupita dakika mbili, macho yakafunguka, akaanza tena kuongea. Mtoto alitoka analia. Dawa ile ndiyo efedrini niliyotaka kuiacha dukani.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza wanganga na kusoma, ili nielewe dawa hizi ambazo siye watu wa kawaida hatuzijui hata kwa jina. Kisenge, Kasaji, Dilolo, Kolwezi, na hata mbali zaidi, Kalemie au Bukavu, familia nyingi zinapita njia ile ile: zinapewa karatasi, zinahesabu franka, zinachagua cha kununua. Ndiyo sababu ya makala hii.

Kila mtu ana tansio

Tuanze na kosa langu. Huku kwetu tunasema «ana tansio» kwa mtu ambaye tansio yake imepanda. Lakini kila mtu aliye hai ana tansio. Ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa inapotembea. Nguvu hiyo ikipotea, damu haifiki kichwani, haifiki kwenye figo, na kwa mama mwenye mimba haifiki kwa mtoto.

Chukua mfano wa maji ya pompa. Ili maji yafike kwenye robine ya mwisho kule juu, mambo matatu yanahitajika. Pompa iwe na nguvu. Tiyo isiwe pana kupita kiasi. Na maji yawe ya kutosha ndani ya tanki. Katika mwili wa mtu, pompa ni moyo, tiyo ni mishipa, na maji ni damu. Pompa ikichoka, robine inatoa matone. Ukibadilisha tiyo nyembamba ukaweka pana sana, na maji ni yale yale, robine inatoa matone. Tanki likitoboka, ni vilevile. Mtu akikupimia na kusema «12 kwa 8», anakupa majibu ya mambo hayo matatu kwa pamoja.

Ukishika mfano huu, utaelewa karibu yote yanayofuata. Anestezisti anapoona tansio imeanguka, swali lake la kwanza ni moja: ni pompa, ni tiyo, au ni maji? Kila jibu lina dawa yake, na dawa ya moja inaweza kuharibu nyingine.

Shindano ya mgongo inafanya nini

Mwaka 1898, katika mji wa Kiel huko Ujerumani, munganga August Bier alifanya upasuaji wa kwanza kwa kuweka dawa ya ganzi ndani ya maji yanayozunguka uti wa mgongo. Leo njia hiyo, tunayoiita rashi, ndiyo inayotumiwa sana kwa mama anayepasuliwa ili azae. Mama anabaki macho, anapumua mwenyewe, anasikia mtoto wake analia. Dawa inayowekwa mara nyingi inaitwa bupivakaini.

Lakini dawa hiyo haichagui. Inalalisha mishipa ya fahamu inayoleta maumivu, na pia inalalisha nyuzi ndogo ambazo kazi yake ni kukaza mishipa ya damu. Kwa upasuaji wa kuzaa, ganzi inatakiwa kupanda mpaka kwenye usawa wa matiti. Kwa hiyo mishipa yote ya miguu na ya tumbo inalegea kwa mara moja. Tiyo zimekuwa pana ghafla. Damu inakaa miguuni, hairudi vizuri kwenye moyo. Na ganzi ikipanda zaidi, inagusa hata nyuzi zinazoharakisha moyo, basi moyo nao unapunguza mwendo.

Mama mwenye mimba ana shida nyingine tena. Akilala chali, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni. Ndiyo maana kwenye meza ya upasuaji wanamweka kitu chini ya nyonga ya kulia, ili aegemee kidogo upande wa kushoto. Si mapambo. Ni kuondoa uzito juu ya mshipa.

Kama hakuna kilichofanywa kuzuia, zaidi ya nusu ya akina mama tansio yao itaanguka baada ya rashi. Inakuja haraka, katika dakika za kwanza. Dalili anazosikia mama mwenyewe ni zile za mdogo wangu: kizunguzungu, giza, roho kuchafuka, kutapika. Watu wengi wanafikiri kutapika kule kunatoka tumboni. Mara nyingi ni kichwa kinacholilia damu.

Na mtoto? Kondo la nyuma halina uwezo wa kujitafutia damu. Linapokea kile ambacho tansio ya mama inaleta. Tansio ya mama ikikaa chini kwa muda, mtoto naye anakosa hewa kabla hata ya kuzaliwa. Ndiyo sababu wanganga wanashauriwa kupima tansio kila dakika moja mpaka mtoto atoke. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya lengo: tansio ya juu ibaki karibu asilimia 90 ya ile mama aliyokuja nayo, na isishuke chini ya asilimia 80. Kwa mama aliyekuja na 12, maana yake ni kumweka karibu na 11, na kutomwacha ashuke chini ya 9 na nusu.

Milango miwili: alfa na beta

Dawa zinazosimamisha tansio ziko za namna mbili. Kuna zile zinazokaza mishipa, yaani zinafanya tiyo kuwa nyembamba tena. Na kuna zile zinazoupa moyo nguvu, yaani zinaongeza kazi ya pompa. Baadhi zinafanya yote mawili.

Mwili wetu wenyewe unatengeneza dawa hizo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mwaka 1894, Waingereza George Oliver na Edward Schäfer walionyesha kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi hizo yanapandisha tansio ya mnyama kwa nguvu. Mwaka 1901, Mjapani Jokichi Takamine, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameitenga dawa yenyewe: adrenalini. Ndiyo inayokufanya moyo udunde ukikutana na nyoka njiani kwenda shambani. Ndugu yake, noradrenalini, ilijulikana kazi yake katika mwaka 1946 kupitia Ulf von Euler wa Sweden.

Lakini watu hawakuelewa mbona dawa moja inakaza mishipa hapa na kuilegeza pale. Mwaka 1948, Mmarekani Raymond Ahlquist alitoa maelezo ambayo bado tunayatumia. Alisema juu ya viungo kuna milango ya aina mbili, akaiita alfa na beta. Ukigonga mlango wa alfa, mishipa inakaza. Ukigonga mlango wa beta ulio kwenye moyo, moyo unapiga kwa nguvu na kwa haraka. Kuna pia beta nyingine, ambayo inafungua njia za pumzi kwenye mapafu na kulegeza baadhi ya mishipa. Tofauti kati ya dawa hizi zote ni kujua inagonga mlango gani, na kwa nguvu kiasi gani.

Dawa moja moja

Efedrini. Hii ilitoka kwenye mmea ambao Wachina wanauita ma huang na wameutumia tangu zamani sana. Mjapani Nagayoshi Nagai aliitenga mwaka 1885. Inagonga alfa na beta, lakini sehemu kubwa ya kazi yake inapitia njia ya kuzunguka: inaziamuru nyuzi za mwili zitoe noradrenalini iliyowekwa akiba. Ni kama kwenda kwenye ghala na kutoa magunia yaliyomo. Ndiyo sababu shindano ya kwanza inafanya vizuri, ya pili kidogo, ya tatu au ya nne inaonekana kama maji. Ghala limekwisha. Anestezisti anayejua kazi yake hataendelea kusukuma efedrini tu, atatafuta njia nyingine.

Uzuri wake ni kwamba haina makali ya ghafla, inadumu robo saa au zaidi, na inasaidia pia pale moyo unapokwenda polepole. Udhaifu wake ni kwamba inapita mpaka kwa mtoto na kuongeza kazi ya mwili wake, kwa hiyo ikitolewa nyingi, damu ya mtoto inakuwa na asidi zaidi. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linaiweka kwenye orodha ya dawa za lazima, kwa kazi hii hii: kuzuia tansio isianguke wakati wa rashi ya mama anayezaa.

Fenilefrini. Hii inagonga alfa peke yake. Inakaza mishipa, haigusi moyo. Mapatano yale ya 2018 yanaitanguliza mbele ya efedrini kwa mama anayepasuliwa, kwa sababu inamwacha mtoto katika hali nzuri zaidi. Ina jambo moja la kuangalia: mwili ukiona tansio imepanda, unaamuru moyo upunguze mwendo. Mama ambaye moyo wake tayari unakwenda polepole, fenilefrini inaweza kumpunguzia zaidi. Hapo ni heri efedrini, au atropini ya kuamsha moyo.

Adrenalini. Inagonga milango yote. Kwa kiasi kidogo sana inaupa moyo nguvu, kwa kiasi kikubwa inakaza mishipa. Ni dawa ambayo kila kituo cha afya, hata kidogo, kinatakiwa kuwa nayo, maana inafanya kazi tatu ambazo nyingine hazifanyi vizuri. Moyo ukisimama, mtu mzima anapewa miligramu 1 katika mshipa kila baada ya dakika 3 hadi 5, huku watu wakiendelea kukandamiza kifua. Mtu akikataliwa na dawa au akiumwa na nyuki, akivimba na kukosa pumzi, anachomwa nusu miligramu kwenye nyama ya paja. Na tansio ikiwa imeanguka vibaya hata dawa nyingine zimeshindwa, inatolewa kidogo kidogo.

Noradrenalini. Inagonga alfa kwa nguvu, na beta ya moyo kidogo. Ndiyo inayotangulizwa kwa mgonjwa ambaye maambukizo yameingia katika damu na mishipa imelegea mwili mzima. Huku kwetu mfano wake tunaujua: mtu mwenye tifoidi ambaye utumbo umetoboka. Kinshasa mwishoni mwa 2004 na mwanzoni mwa 2005 ilipata tifoidi ya wagonjwa zaidi ya 40,000, na mamia kati yao utumbo ulitoboka. Mgonjwa wa namna hiyo anafika kwenye meza ya upasuaji tansio tayari iko chini, na dawa za kumlalisha zinaishusha tena. Shida ya noradrenalini ni kwamba inatakiwa kuingia polepole, bila kukatika, kwa mashine inayosukuma shindano kidogo kidogo. Mahali moto wa SNEL unakatika mara kwa mara na mashine hakuna, wanganga wanahesabu matone kwa macho, na mmoja anabaki pembeni ya mgonjwa usiku kucha.

Dobutamini na dopamini. Hizi ni za pompa iliyochoka. Dobutamini inagonga hasa beta ya moyo. Inafaa kwa mfano kwa mama ambaye moyo wake umedhoofika mwishoni mwa mimba au baada ya kuzaa, ule ugonjwa wa kuvimba miguu na kukosa pumzi usiku. Lakini kwa kuwa inalegeza mishipa kidogo, ikipewa mtu ambaye shida yake ni mishipa, tansio inaweza kushuka zaidi. Dopamini inabadilika kulingana na kiasi: kidogo inafanya hivi, nyingi inafanya vile, nayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ketamini pia niitaje, ingawa kazi yake ni kulalisha. Hospitali nyingi za vijijini Afrika zinaitegemea kwa sababu haishushi tansio kama dawa nyingine za usingizi. Inausukuma mwili utoe adrenalini yake wenyewe. Lakini mgonjwa aliyekwisha kuchoka kabisa, ambaye akiba yake imekwisha, ketamini nayo inaweza kumwangusha. Ni ile ile hadithi ya ghala.

Dawa haijazi tanki

Hapa ndipo watu wengi tunakosea, na nasikia hata baadhi ya vijana wanaosoma kazi hii wanakosea. Turudi kwenye pompa. Tanki likitoboka na maji yanamwagika, unaweza kubana tiyo na kuongeza nguvu ya pompa, na robine itaonekana kama inatoa maji kwa muda. Lakini maji yanaendelea kumwagika.

Mchimbaji aliyeangukiwa na udongo mgodini, mama anayetokwa damu baada ya kuzaa, mtu wa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Kolwezi: tansio yao iko chini kwa sababu damu imekwisha. Dawa yao ni kuzuia damu isitoke, kuwapa serumu, na kuwapa damu. Ampuli ya kukaza mishipa inaweza kuwasaidia wafike dakika ambayo damu inafunguliwa, basi. Ikitumiwa peke yake inapendezesha namba kwenye mashine, huku figo na matumbo yanakauka. Kwa hiyo munganga akisema, «leteni watu wa kutoa damu», usimjibu, «mwongezee dawa ya tansio kwanza.» Kimbia utafute ndugu.

Kitu kingine kinachosahaulika ni ositosini, dawa inayopewa mama baada ya mtoto kutoka ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Ikisukumwa kwa haraka, inalegeza mishipa na kushusha tansio ghafla. Inatakiwa kwenda polepole.

Mahali hatari inapokaa

Dawa hizi ni kali kwa sababu kipimo chake ni kidogo sana. Angalia hesabu hii. Ampuli moja ya efedrini ina miligramu 30. Mama wa rashi anahitaji kama 6 kwa mara moja. Kwa hiyo anestezisti anaichanganya na maji mpaka ijae shindano ya mililita 10, kila mililita ina miligramu 3, anasukuma mililita 2. Akisahau kuchanganya na kusukuma yote, ametoa mara tano.

Kwa adrenalini ni hatari zaidi. Ampuli ina miligramu 1. Hiyo ni ya moyo uliosimama. Kwa mgonjwa ambaye moyo bado unapiga na tansio imeanguka, kiasi cha kuanzia kinaweza kuwa mikrogramu 10, yaani sehemu moja ya mia ya ampuli. Ampuli nzima kwa mtu huyo inaweza kupasua mshipa kichwani au kuuvuruga moyo. Ndiyo maana utaona shindano zimeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Andiko lile ni ulinzi.

Ampuli nyingi zinafanana: kioo kidogo, maji meupe, maandishi madogo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa nyingine ya kuzuia damu, asidi ya traneksamiki, kwa sababu ilichomwa mgongoni kwa kudhaniwa ni bupivakaini, na wagonjwa wakafa. Taa hafifu, uchovu na haraka ndiyo marafiki wa kosa la namna hiyo.

Noradrenalini na ndugu zake pia zinachoma nyama zikitoka nje ya mshipa. Mkono ukivimba na kuwa mweupe na baridi mahali serumu inapoingia, sema mara moja. Usingoje zamu ibadilike.

Na adrenalini inachukia mwanga na joto. Ikigeuka rangi ya waridi au ya kahawia, imeharibika. Ampuli iliyokaa juani kwenye meza ya soko, hata kama jina ni lile lile, haujui kama bado ina nguvu.

Mwisho, dawa hizi si za nyumbani. Mtu anayesikia kizunguzungu, au aliyeambiwa tansio yake ni 9, asiende kutafuta efedrini. Inasukuma moyo, inakatisha usingizi, na kwa mwenye tansio ya juu inaweza kumletea kiharusi.

Inahusu watu wangapi

Mwaka 2019 jarida la Lancet Global Health lilitoa majibu ya utafiti uliofuata akina mama zaidi ya 3,600 waliopasuliwa ili wazae katika nchi 22 za Afrika. Karibu mmoja kati ya 200 alikufa. Ni mara 50 zaidi ya vifo vya nchi tajiri. Kutokwa na damu na matatizo ya dawa za kulalisha yalikuwa kati ya mambo yaliyoandamana na vifo hivyo. Huko Afrika Kusini, ambako kila kifo cha mama kinachunguzwa, ripoti zimerudia jambo moja: akina mama wengi waliokufa kwa sababu ya kulalishwa walikuwa kwenye hospitali ndogo za wilaya, na rashi ilikuwamo. Rashi yenyewe si mbaya. Kwa jumla ni salama kuliko kulalishwa usingizi mzito. Kinachoua ni rashi bila mtu wa kuangalia tansio, na bila dawa mkononi ya kuisimamisha.

Familia ifanye nini

Niliyojifunza nayaweka hapa kwa ufupi.

Usifute mstari kwenye ordonansi kwa sababu hauelewi jina. Kama franka hazitoshi, rudi umwambie munganga au anestezisti, uulize kipi kinaweza kungoja. Yeye ndiye ajue nini kinakosekana kabla ya shindano.

Nunua kwenye duka linalojulikana. Angalia tarehe na rangi.

Sema ukweli wote: tansio ya juu wakati wa mimba, miguu kuvimba, ugonjwa wa moyo, dawa za kila siku, na pia dawa za kienyeji. Mama mwenye tansio ya juu ya mimba anahitaji kipimo kidogo zaidi, na kuna dawa za kuzuia damu, kama ergometrini, ambazo zinaweza kumdhuru.

Mwambie mama asinyamaze kwenye meza. Akisikia giza, kizunguzungu, roho kuchafuka, kukosa pumzi au mikono kufa ganzi, aseme. Wengi wananyamaza kwa heshima. Neno lake linaweza kufika mbele ya mashine.

Na tafuta watu wa kutoa damu kabla, si baada.

Kwa wakubwa wa zoni za afya na wa jimbo, jambo ni wazi pia. Mkoa wetu unatoa shaba na kobalti kwa dunia nzima, na kutoka huku kwetu Kisenge manganezi ilisafiri kwa treni mpaka bahari ya Lobito kabla ya vita ya Angola kuikata njia katika mwaka 1975. Mtu anayetoka kijijini na mimba iliyokwama, wakati wa mvua, barabara hii sisi wote tunaijua. Akishafika hai mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, isiwe ampuli ya mililita moja ndiyo inayomkosesha kurudi nyumbani. Ampuli ile inapaswa kuwa ndani ya kabati ya hospitali, haipaswi kungoja kaka mwenye kuhesabu franka aamue.

Mdogo wangu alitoka hospitali baada ya siku chache. Mtoto sasa anatembea. Kila nikimwona anakimbia uani, nakumbuka duka lile, na mstari ule wa mwisho.